Bunduki ndani ya nyumba ya mzee: mwongozo kamili kwa familia na wahudumu walioko Marekani

Ukifanya kazi ya kulea wazee Marekani kwa muda wa kutosha, utaingia nyumba yenye bunduki. Uchunguzi wa shirika la utafiti la Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 3 nchini humo anamiliki silaha, na waliopita miaka 65 hawako nyuma. Bastola iko kwenye droo kando ya kitanda. Bunduki ya kuwindia kulungu imeegemea ukuta gerejini. Ile aliyoachiwa na baba yake iko juu ya kabati, na hakuna anayekumbuka kama ina risasi. Alipozinunua, mwenyewe alikuwa na macho makali na mkono uliotulia. Sasa ana mtoto wa jicho, vidonge vyake vimejaa kisanduku cha wiki nzima, na jua likizama humwita binti yake kwa jina la dada aliyekufa zamani.

Nawaandikia watu wa aina mbili. Kwanza ni ndugu zetu kutoka Nairobi, Arusha, Bukavu au Bujumbura wanaofanya kazi hii majumbani mwa wazee. Pili ni familia zetu wenyewe, maana waliohamia Texas au Minnesota miaka ya 1980 na 1990 sasa wana mvi, na baadhi yao walinunua bastola kama majirani zao. Msimamo wangu nausema mapema: mwenye haki ya kwanza ya kuamua ni mzee mwenyewe, ila haki hiyo ina muda wake. Mpango ukiandikwa akili ikiwa timamu, unakuwa uamuzi wake. Ukisubiri hadi achanganyikiwe, unakuwa ugomvi, na pengine msiba.

Sheria za silaha hutofautiana jimbo kwa jimbo. Ninayoeleza hapa ni ya serikali kuu, isipokuwa pale ninapotaja jimbo. Kabla ya kuhamisha silaha yoyote, muulize mwanasheria wa jimbo lako, au piga simu polisi kwa namba isiyo ya dharura.

Kabla ya yote, jua wewe mwenyewe unaruhusiwa nini

Hatua hii wengi wetu huiruka, nayo inaweza kukugharimu makaratasi yako yote. Sheria ya serikali kuu inawakataza kumiliki bunduki, na hata risasi, watu waliopo nchini kinyume cha sheria ya uhamiaji pamoja na wengi walioingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi. Kwa wenye viza ipo misamaha michache, kwa mfano kwa aliye na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na serikali kuu, lakini jimbo linaweza kuwa na masharti yake. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, au kwa kumpiga mwenza wake, naye amekatazwa.

Neno kumiliki katika sheria hii ni pana. Si lazima silaha iwe mkononi mwako. Ukiwa na uwezo wa kuifikia na kuiamuru, mwendesha mashtaka anaweza kudai kwamba unaimiliki. Kwa hiyo kama uko kwenye viza ya muda, au hali yako ya uhamiaji haijatulia, usikubali kutunza ufunguo wa sefu, usikubali kuambiwa namba zake, na usikubali kuibeba bastola kwenye gari lako hata kama binti wa mzee anakusihi uipeleke kwake. Mzee akikupenda akataka kukuzawadia bunduki yake ya uwindaji, mshukuru kwa heshima, kisha ikatae.

Sababu ya pili ya kutoigusa haihusiani na viza. Mgonjwa wa demensia, yaani mtu anayepoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hupoteza vitu, na kitu kikipotea humshuku aliye karibu. Leo ni miwani, kesho ni pochi. Siku bastola isipoonekana na ikajulikana kwamba wewe ndiye uliyeihamisha, hata kwa nia njema kabisa, tuhuma itakuwa ya wizi wa silaha. Kazi yako ni kuona, kuandika kwenye ripoti na kumwarifu msimamizi wako na familia siku hiyo hiyo.

Uliza siku ya kwanza

Swali liulizwe pamoja na maswali ya zulia linaloteleza, mbwa mkali na mtungi wa oksijeni, ili lisisikike kama shutuma. Mwulize wakala anayekupangia kazi kabla hujaenda: je, nyumba hii ina silaha, ziko ngapi, zimefungiwaje, na nani ana ufunguo? Ukifika, iulize familia tena. Mawakala wengi hawana swali hilo kwenye fomu zao, jambo ambalo naliona ni uzembe mkubwa. Unaweza kusema hutaingia kazini mpaka silaha zifungiwe.

Daktari naye anaruhusiwa kuuliza. Florida ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuwabana madaktari wasiwaulize wagonjwa habari za bunduki, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilifuta sehemu kubwa ya masharti hayo. Kwa hiyo familia ikitaka jambo hili liletwe na mtu mwenye koti jeupe, imwombe daktari kabla ya miadi.

Pima mwili, kisha akili

Umri peke yake si kipimo. Wapo wenye miaka 85 wanaoshika bunduki salama kuliko vijana. Kinachopimwa ni uwezo, na unaonekana kwa mambo madogo.

Anza na mikono. Baridi yabisi hufanya kuvuta slaidi ya bastola, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma, kuwe kazi ngumu, na mtu asiyeweza kuivuta hawezi kuhakikisha kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, haina kitu. Wengi hujifariji kwa kuiacha ikiwa na risasi tayari, na hapo hatari huongezeka maradufu. Mtetemeko wa Parkinson, ganzi ya vidole inayoletwa na kisukari, na udhaifu wa upande mmoja baada ya kiharusi vyote humfanya mtu aiangushe silaha au aguse triga bila kukusudia.

Macho na masikio huenda pamoja. Mtoto wa jicho na kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina humfanya mzee aone umbo bila kuona uso. Asiyesikia vizuri hasikii mtu akijitambulisha mlangoni. Viunganishe viwili hivyo na giza la usiku, ndipo utaelewa kwa nini mjukuu aliyerudi usiku wa manane yuko hatarini kuliko mwizi.

Dawa nazo zina mchango wake. Za usingizi na za maumivu makali hupunguza uamuzi kwa saa kadhaa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvilia damu begani kwa msukumo wa bunduki ya marisau. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo amwambie daktari wake kama bado anawinda, kwa sababu msukumo unaopiga upande uleule unaweza kuharibu nyaya zake. Ni vyema zaidi kusema hivyo kabla ya upasuaji, ili kifaa kiwekwe bega jingine.

Akili ndiyo nzito kuliko yote. Wamarekani zaidi ya milioni 7 wenye miaka 65 na zaidi wana ugonjwa wa Alzheimer. Ugonjwa huu haufuti kila kitu kwa pamoja. Ya juzi huondoka kwanza, ya miaka 40 iliyopita hubaki. Mzee asiyejua kama amekula mchana anaweza kukumbuka vizuri kabisa ufunguo wa sefu ulipo na jinsi ya kupakia risasi, kwa sababu mikono yake ilijifunza zamani. Jua linapokaribia kuzama wengi huchanganyikiwa zaidi. Wenye demensia ya Lewy, aina nyingine ya ugonjwa wa akili za uzeeni, huona watu ambao hawapo, wakati mwingine kwa ufafanuzi wote, na wapo wanaoamini kwamba mke wao ameondolewa na mgeni mwenye sura yake ameletwa. Ukisikia maneno ya namna hiyo katika nyumba yenye bunduki, usisubiri miadi ya mwezi ujao. Piga simu leo.

Ugonjwa wenyewe haumwondolei mtu haki ya kumiliki. Kwa sheria ya serikali kuu, haki hiyo huondoka pale mahakama au chombo chenye mamlaka kinapotamka rasmi kwamba hana uwezo wa kiakili wa kusimamia mambo yake. Ndiyo maana familia nyingi hujikuta kwenye pengo: baba si salama tena, na sheria haijasema lolote. Pengo hilo huzibwa na mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe

Wanaofaa kuyaanzisha ni watoto, mwenza, au rafiki wa uwindaji. Yule rafiki husikilizwa kuliko wote, na ningeanza naye. Mhudumu asiyaongoze, ila aliyoyaona ayaseme.

Msimwendee kama kundi. Mtu mmoja, asubuhi, mzee akiwa amekula na ametulia. Bunduki kwake si chuma tu. Ni siku alizotoka na baba yake alfajiri, ni miaka ya jeshini, ni hisia kwamba bado anaweza kuilinda nyumba yake. Ukianza na neno kunyang'anya umeshapoteza. Anza na kumpa kazi: "Baba, hizi bunduki unazijua wewe peke yako. Nifundishe ipi ni ya nani, na unataka ziende wapi. Sitaki siku moja tubaki tunabahatisha." Watu wengi husita kwa aibu, wakiogopa kuonekana wanasubiri urithi, na dalili huzikunja chini ya godoro. Wahenga walikwisha kuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Madaktari wanaoshughulikia jambo hili Marekani, akiwemo Emmy Betz wa Chuo Kikuu cha Colorado, wamelilinganisha na kuacha kuendesha gari: kila mtu anajua siku hiyo itafika, kwa hiyo inaweza kupangwa. Kikundi chake kimetengeneza nyenzo ya bure mtandaoni iitwayo Safety in Dementia, inayomwongoza mwanafamilia swali kwa swali. Iko kwa Kiingereza, ila lugha yake ni nyepesi.

Andikeni mpango

Karatasi moja au mbili zatosha, na mzee atie sahihi. Ziwe na mambo haya.

Orodha ya kila silaha: aina, mtengenezaji, namba iliyochongwa kwenye chuma, mahali ilipo, na picha. Serikali kuu haina daftari la taifa la bunduki za kawaida. Msipoandika ninyi, hakuna ofisi itakayowaambia baba alikuwa na ngapi.

Jina la mtu mmoja anayemwamini aamue kwa niaba yake, na wa pili kama wa kwanza hapatikani. Majina hayo yaendane na hati ya uwakili iliyotengenezwa na mwanasheria, na hati hiyo itaje silaha waziwazi. Wote wawili wawe watu wanaoruhusiwa kisheria kumiliki.

Dalili ambazo zikionekana, silaha zitaondoka. Ziandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe, kwa mfano: "Nikishindwa kuwatambua wajukuu wangu," au "Daktari akiniambia nisiendeshe gari." Sentensi hiyo mtakuja kumsomea siku atakapokataa, na mara nyingi husaidia kwa kuwa ni sauti yake.

Mwisho, kila silaha inakwenda wapi. Hapa pana mtego. Akiwa hai, baba aliyeko Ohio hawezi kumkabidhi tu mwanawe anayeishi Georgia. Kuhamisha silaha kati ya wakazi wa majimbo mawili hupitia muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu, na mpokeaji hukaguliwa. Ndani ya jimbo moja, baadhi ya majimbo hudai ukaguzi hata kwa kuazimisha. Msiitume kwa posta.

Kufungia

Kuficha si kufungia. Mzee ataipata, au atasahau alikoificha mwenyewe, na mjukuu ataipata kabla yake.

Kufuli la kebo hupita ndani ya silaha na kuizuia isijifunge, hivyo haiwezi kufyatua. Vituo vingi vya polisi huligawa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe, na hospitali za wanajeshi wastaafu za VA huwapa wagonjwa wao. Ni mwanzo mzuri kwa nyumba yenye watoto, lakini kwa demensia halitoshi kama ufunguo unaning'inia palepale ulipokuwa miaka yote. Badilisheni namba za sefu, hamisheni ufunguo nje ya nyumba, wekeni risasi mahali pengine kabisa. Bora kuliko yote ni silaha itoke: kwa ndugu anayeruhusiwa, kwa duka la silaha linalokubali kutunza, au kwa polisi. Colorado ilichapisha ramani ya sehemu za namna hiyo mwaka 2019, na majimbo mengine yakafuata.

Anayetoa risasi kwenye silaha awe mwenye ujuzi na ruhusa. Mtutu uelekee mahali ambapo risasi haitamdhuru mtu, kidole kiwe mbali na triga. Magazini, yaani kile kibebeo cha risasi, hutolewa kwanza, ndipo slaidi huvutwa na chemba kuangaliwa kwa jicho na kwa kidole. Wengi wamejeruhiwa kwa kudhani magazini ikitoka bastola imekuwa tupu, wakati risasi moja ilibaki chemba.

Wapo wanaomwachia mzee bunduki iliyotolewa pini ya kufyatulia ili asihuzunike. Mimi sikubaliani nao. Mzee haelewi kwamba haifanyi kazi, na polisi akifika mlangoni naye hajui.

Mlango na simu

Tarehe 13 Aprili 2023, jijini Kansas City, kijana wa miaka 16 aitwaye Ralph Yarl alikosea nyumba alipokwenda kuwachukua wadogo zake, akabonyeza kengele. Mwenye nyumba, Andrew Lester, aliyekuwa na miaka 84, alimpiga risasi kupitia mlango wa kioo. Kijana alipona. Lester alikiri kosa Februari 2025 na kufariki siku chache baadaye, kabla ya hukumu. Mwaka 2024, huko Ohio, mzee wa miaka 81 alimuua dereva wa Uber, mama aliyetumwa kuchukua kifurushi bila kujua kwamba matapeli walikuwa wamemtisha mzee kwa simu. Sisi ndio tunaoendesha Uber, tunaopeleka chakula, tunaobadilishana zamu usiku. Haya yanatuhusu moja kwa moja.

Kwa hiyo ratiba ya wageni ibandikwe jikoni kwa herufi kubwa, pamoja na picha na jina la kila mhudumu. Taa ya barazani iwake yenyewe. Mpigie mzee simu kabla hujashuka kwenye gari, usiingie kwa ufunguo wako kimyakimya. Wekeni kengele yenye kamera ili binti aone nani amesimama. Na simu za vitisho vya pesa zizuiwe, kwa sababu humwacha mzee na hofu ya mtu anayekuja.

Huzuni

Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua, na wanaume wa miaka 75 na zaidi ndio wenye kiwango cha juu cha kujiua kuliko kundi lolote. Anayejaribu kwa bunduki hufariki karibu mara 9 kati ya 10, kwa hiyo nafasi ya kujuta na kupona haipo. Angalia sana miezi ya baada ya kufiwa na mke, baada ya kupewa jina la ugonjwa, baada ya kunyimwa leseni ya gari, na anaporudi kutoka hospitali. Akianza kugawa vitu, akisema amekuwa mzigo, au akisafisha bunduki ambayo haikuguswa miaka, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Piga au tuma ujumbe 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, iliyoanza kazi Julai 2022. Aliyewahi kuwa jeshini abonyeze 1. Familia izitoe silaha siku hiyohiyo, hata kwa muda. Baadhi ya majimbo yanayodai ukaguzi yamelegeza sharti hilo kwa hali ya namna hii.

Dharura ya 911

Mzee akianguka na ana bastola kiunoni, mwambie mpokea simu kabla gari halijafika: silaha iko wapi, na je, ana fahamu. Usiitoe wewe. Wahudumu wa ambulansi wakifika, warudie tena kwa sauti, mikono yako ikionekana na ikiwa mitupu. Kama polisi wanakuja, mweleze mpokea simu kwamba wewe ni mhudumu na umevaa nguo za rangi gani.

Silaha isiende hospitali. Kwenye chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, sumaku huivuta kwa nguvu isiyozuilika na inaweza kufyatuka yenyewe.

Moto na kimbunga

Moto wa Novemba 2018 ulioteketeza mji wa Paradise, California, uliua watu 85, wengi wao wazee. Muda wa kutoka ulikuwa mfupi mno. Amueni leo kwamba ikija amri ya kuhama, dawa, miwani, vifaa vya masikioni na ile orodha ndivyo vinavyobebwa, na bunduki zinabaki ndani ya sefu. Makazi ya Msalaba Mwekundu hayaruhusu silaha, na mzee aliyekuja nayo atakwama mlangoni usiku wa mvua. Zima moto waambiwe zilipo: risasi iliyo peke yake hupasuka bila nguvu kubwa, lakini iliyo ndani ya chemba hutoka kama imefyatuliwa.

Akikataa kabisa

Majimbo zaidi ya 20 yana amri ya mahakama ya kuondoa silaha kwa muda kwa mtu aliye hatarini. Connecticut ilianza mwaka 1999. Kwingine familia huweza kuiomba yenyewe. Florida, tangu 2018, ombi hupitia polisi. Si mashtaka ya jinai. Tumieni njia hii mazungumzo yakishindikana, na muwaeleze polisi mapema kuhusu demensia ili wasije kwa kishindo.

Baada ya mazishi

Zifungieni silaha kabla tangazo la msiba halijatoka, maana wezi husoma matangazo hayo. Zisigawanywe matangani. Msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mamlaka. Urithi unaruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo bila kupitia kwa muuzaji, almuradi mrithi anaruhusiwa kumiliki huko anakoishi. Mrithi aliye kwenye viza ya muda asipokee. Yake iuzwe na muuzaji mwenye leseni, apewe fedha.

Mkikuta bunduki inayofyatua mfululizo, au kiziba sauti, tafuteni karatasi za usajili, kwa sababu vitu hivyo vinadhibitiwa tangu sheria ya mwaka 1934. Zilizoletwa kutoka vitani bila usajili haziwezi kusajiliwa sasa. Msizipakie garini kuzipeleka kituoni. Mpigieni mwanasheria au polisi, waje kuzichukua hapo zilipo. Risasi za zamani zilizoota kutu zisitupwe kwenye takataka wala kuchomwa. Ulizeni polisi au duka la silaha kama wanazipokea, na hadi watakapozichukua zikae pakavu, kwenye boksi lililofungwa.